Kurasa zinazunguka tu: ubadili DNS, uhamishe ruta, uvute waya, ugawe kasi au uongeze kifurushi?

Nyumba ninayopanga Tabata ina wapangaji wanne, mwenye nyumba na ruta moja. Ruta iko sebuleni kwa mwenye nyumba, pale faiba ilipoingilia, na bili tunachanga kila mwisho wa mwezi. Mambo huharibika kuanzia saa mbili usiku. Mama wa chumba cha mbele, fundi cherehani anayepokea oda kwa simu, hutoka koridoni na kuuliza, "Jamani, kwenu inafunguka?" Kijana wa chuo, ambaye chumba chake kinapakana na sebule, anajibu kwake freshi. Kwangu mimi wa uani, ukurasa unaleta kichwa cha habari bila picha halafu unazunguka mpaka nakata tamaa. Dada muuguzi wa chumba cha pili anasema kwake hakifunguki chochote tangu asubuhi. Mwenye nyumba ana jibu moja kwa wote: kifurushi ni kidogo, tuongeze mchango.

Ilikuja kuonekana kwamba wote tulikuwa tunasema kweli, ila kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake. "Ukurasa haufunguki" ni sawa na kumwambia daktari tumbo linauma. Ndiyo maana tiba iliyomponya jirani yako inaweza isikusaidie hata kidogo, na wewe ukabaki ukiilaumu kampuni ya intaneti bure. Njia tano ninazozilinganisha hapa nimezijaribu katika nyumba hii, isipokuwa ya kuongeza kifurushi, na mojawapo niliitumia vibaya nikawakatia wenzangu mtandao siku mbili. Nitafika huko.

Kabla ya kuchagua, pima

Kuzima ruta na kuiwasha sikuhesabu kama chaguo, kwa sababu kila mtu huanza hapo. Zima, subiri nusu dakika, washa, ipe dakika tatu ijipange. Ikitulia wiki nzima, mengine achana nayo. Ikirudia kila siku, basi unapoza tu.

Halafu tazama mambo matatu ya haraka. Kama ruta ni ya faiba na ina taa nyekundu iliyoandikwa LOS, mwanga haufiki kwenye kifaa. Hapo huna la kufanya zaidi ya kumpigia mtoa huduma. Kama simu moja tu ndiyo inayodai kila tovuti si salama, angalia tarehe na saa ya simu hiyo, kwani saa ikikosewa vyeti vya tovuti vinakataliwa vyote. Na kama hata data ya simu ya mtandao mwingine inasuasua, huenda tatizo halipo nyumbani kwako. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mimi siku hiyo nilizima na kuwasha ruta mara nne.

Hayo yakiwa sawa, kaa mahali unapopatia shida, si pembeni ya ruta, upime vipande vitatu vya safari. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ping na anwani; amri hiyo inapiga hodi na kupima jibu limerudi baada ya muda gani. Kwenye simu, programu kama Fing inafanya kazi hiyohiyo.

Anza na ruta yenyewe, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1; imeandikwa kwenye stika chini yake. Majibu yakirudi ndani ya milisekunde chache bila kupotea, hewa kati yako na ruta ni safi. Yakirukaruka au yakipotea, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Kisha jaribu 1.1.1.1, anwani ya kampuni ya Cloudflare iliyo nje kwenye intaneti. Ruta ikijibu vizuri lakini 1.1.1.1 ikachelewa mno au ikanyamaza, njia ya kutokea nje imejaa au imekatika. Mwisho jaribu jina la tovuti yoyote unayoijua. Namba inajibu lakini jina halipatikani? Hiyo ni DNS, daftari la majina ya tovuti.

Pima alfajiri watu wamelala, pima tena saa tatu usiku. Mimi koridoni nilipata milisekunde 4 mpaka kwenye ruta. Nikiwa kitandani kwangu, hatua kumi na mbili kutoka hapo, nilipata 7, kisha 160, kisha 42, kisha kimya mara mbili mfululizo. Kwa mama fundi cherehani ruta ilijibu kwa milisekunde 3 bila kukosa, lakini 1.1.1.1 ambayo alfajiri ilikuwa 30 hivi ikawa 850 usiku. Mlango kwa mlango, magonjwa mawili.

Vigezo ninavyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali manne yaleyale: inatibu nini na haitibu nini, inagharimu kiasi gani cha fedha na muda, wenzako wanaguswaje, na inamfaa nani. Swali la tatu ndilo linaloachwa na maelekezo mengi, kwa kuwa yameandikwa kwa mtu anayeishi peke yake. Ukichangia ruta na watu wanne, kila kitufe unachobonyeza ni cha watu wanne.

1. Kubadili DNS

*Inatibu nini.* Sisi tunaziita tovuti kwa majina, mashine zinatafutana kwa namba. DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ndiyo daftari la kutafsiri jina kuwa namba. Ruta yako kwa kawaida inatumia daftari la kampuni inayokuuzia intaneti. Daftari hilo likizidiwa, kivinjari hukaa cheupe sekunde kadhaa halafu ukurasa unafunguka wote kwa mkupuo, au Chrome inaandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN. Dalili nyingine ninayoiamini: WhatsApp iliyokuwa imeshaunganishwa inaendelea kupokea ujumbe, ila kila tovuti mpya inagoma.

Haiongezi kasi ya kupakua. Wapo wanaoitoa 8.8.8.8 kama dawa ya kila homa. Video ikishaanza kucheza halafu ikakwama katikati, daftari la majina limeshamaliza kazi yake.

*Gharama na muda.* Bure, dakika tano. Google wana 8.8.8.8 na 8.8.4.4 tangu 2009, Cloudflare wana 1.1.1.1 na 1.0.0.1 tangu 2018, na Quad9 wana 9.9.9.9. Andika ile ya zamani kwenye karatasi kabla hujaifuta.

*Wenzako.* Ukibadilisha kwenye simu yako, ni shauri lako. Ukibadilisha kwenye ruta, umewabadilishia wote. Hiyo si mbaya, ila ni lazima wajue, hasa ukichagua 1.1.1.3 ya Cloudflare inayofunga tovuti za ngono na zenye virusi. Nyumba yenye watoto itakushukuru. Mtu mzima aliyefungiwa bila kuambiwa hatakushukuru. Na mwenye kompyuta ya kazini aachwe na mipangilio ya ofisini kwake, maana mifumo ya ndani ya ofisi ina majina ambayo madaftari ya nje hayana.

*Inamfaa nani.* Yule ambaye namba inajibu na jina halijibu. Pia yule ambaye simu yake peke yake inagoma. Dada muuguzi alikuwa huyo. Kwenye mipangilio ya Android, sehemu ya DNS ya faragha, aliwahi kuandika anwani fulani ya kuzuia matangazo aliyoelekezwa, na ile anwani ikafa. Ndiyo maana hata akiwasha data yake bado hakufungua kitu. Tuliirudisha kwenye hali ya kujiamulia yenyewe, sekunde ishirini, akaondoka anacheka.

2. Kuhamisha ruta na kubadili chaneli

*Inatibu nini.* Mawimbi dhaifu na mawimbi yanayogombana. Dalili ni ile ya kwangu: karibu na ruta hakuna shida, ukisogea uani hakuna kitu, na majibu ya ruta yenyewe yanapotea.

Ruta nyingi za sasa zina bendi mbili. Ya 2.4 GHz inapenya kuta vizuri zaidi lakini imejaa: majirani wako wote wapo humo, na jiko la microwave likiwaka nalo linapiga kelele humohumo. Ya 5 GHz ina nafasi na kasi, ila ukuta wa pili wa tofali unaimaliza. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Pakua programu ya WiFi Analyzer uone majirani wamejazana wapi. Kwetu ruta tisa zilikuwa chaneli 6, pamoja na ya kwetu, na chaneli 1 ilikuwa na mbili.

Kuhusu mahali pa kuiweka, watu huificha ruta kwa aibu. Ya kwetu ilikuwa chini, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, na mlango wa kabati una kioo cha kujitazamia. Kioo cha aina hiyo kina utando wa madini nyuma yake na mawimbi hayakipendi. Tangi la maji, friji na mabati ni ndugu zake. Tuliipandisha juu ya kabati, nje, mahali pa wazi. Kipimo changu cha uani kikatoka kwenye majibu manne yanayopotea katika kila kumi hadi moja.

*Gharama na muda.* Bure kama waya wa umeme na wa faiba vinafika. Hapo ndipo penye mtego. Faiba ni nyuzi za kioo. Ukiikunja kona kali au ukaibana na mguu wa kochi, mwanga unavuja na ile taa ya LOS inawaka. Ikihitaji kuhamishwa chumba kingine, mwite fundi wa kampuni.

*Wenzako.* Kila hatua ruta inayosogea kwako inamwacha mwingine. Kijana wa chuo alinuna siku mbili tuliposogeza. Dawa iliyotuafiki ni kutenganisha majina ya bendi mbili: walio karibu na sebule waende 5 GHz, sisi wa mbali tubaki 2.4 GHz tukiwa na msongamano mdogo. Ukibadilisha jina au nenosiri, waambie kabla, kwa sababu simu zote zitatupwa nje.

Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyorudia mawimbi viko kwenye kundi hili pia. Vinaongeza vijiti vya mawimbi kwenye simu, jambo linalofurahisha macho, lakini chenye redio moja kinapokea na kutuma kwa kupokezana, hivyo kasi inashuka hadi nusu. Kukiweka kwenye chumba ambacho tayari mawimbi ni mabovu ni kurudia ubovu. Kiweke katikati ya njia.

*Inamfaa nani.* Nyumba ambayo malalamiko yanafuata vyumba, si saa. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta aanzie hapa.

3. Kuvuta waya

*Inatibu nini.* Kila kitu kinachohusu hewa. Ukuta, majirani, microwave: vyote vinaondoka kwenye hesabu. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unabeba hadi gigabiti moja kwa sekunde kwa umbali wa hadi mita 100, na hakuna nyumba ya kupanga yenye korido ya mita 100. Hautibu foleni ya kutokea nje wala DNS; ukurasa utakwama vilevile, ila sasa utajua kwa hakika kwamba si mawimbi.

*Gharama na muda.* Unalipa mara moja. Ulizia kwa mita Kariakoo, lakini usinunue kwa kuangalia bei tu. Waya wa bei ya kutupa huwa ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: chini ya wekundu ukiona rangi ya fedha, ndio huo. Ni mwepesi mkononi, unakatika ukikunjwa mara mbili tatu, na baada ya miezi unaanza kukupa mtandao wa kubahatisha. Mkato wa sentimita moja unatosha kupimia, na muuzaji mwaminifu hakatai.

Simu hazichomeki waya, kwa hiyo upande wa pili unahitaji ruta ndogo ya kurusha mawimbi chumbani. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilichukua ruta ya zamani, nikaichomeka kwa waya kwenye tundu la kawaida la ruta ya sebuleni, nikaiwasha, nikalala nikiwa na furaha. Sikuzima DHCP, ile kazi ya kugawa anwani kwa vifaa. Nyumba ikawa na wagawaji wawili. Simu zilizobahatika kupewa anwani na ruta kubwa zilifanya kazi. Zilizopewa na ile yangu ziliandika "imeunganishwa, hakuna intaneti". Mama fundi cherehani alipoteza siku mbili za oda, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kuilaumu kampuni. Utaratibu sahihi: ingia kwenye ruta ya pili kabla ya kuiunganisha, zima DHCP, ipe anwani isiyotumika kama 192.168.1.2, ndipo uichomeke, kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) na si la WAN (la kutokea nje).

*Wenzako.* Unahitaji ruhusa ya mwenye nyumba kama kuna kutoboa. Waya uupitishe juu ya fremu za milango ndani ya mfereji wa plastiki, usiwe mtego wa miguu ya watoto. Ukienda kwenye banda la uani usiuning'inize nje hewani. Masika na radi za Dar es Salaam zinaweza kuua ruta zote mbili kwa pigo moja.

*Inamfaa nani.* Anayefanya kazi au masomo kutoka chumba cha mbali na atakaa hapo zaidi ya miezi michache. Anayehamahama, hapana.

4. Kugawa kasi

Hii ndiyo njia ninayoona inadharauliwa kuliko zote, na kwa nyumba ya kuchangia ndiyo inayogusa kiini.

*Inatibu nini.* Foleni. Watu hudhani mtandao unajaa kwa sababu ya kupakua tu. Upande wa kupandisha ndio unaoumiza kimyakimya, kwa kuwa kwenye vifurushi vingi, hasa vya ruta za 4G, ni mdogo zaidi. Kila kipande cha ukurasa unachopokea, simu yako inatuma nyuma kijibu kidogo kusema "nimepata, lete kingine". Kijana wa chuo akirudi jioni, simu yake inaanza kupandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ruta inazipanga zote kwenye mstari mrefu. Vijibu vya mama fundi cherehani vinakuja nyuma ya mstari huo, mithili ya bodaboda iliyokwama nyuma ya malori ya mchanga kwenye njia isiyo na pa kupitia. Hakuna anayetumia kasi ya mama huyo, ila zamu yake haifiki. Zile milisekunde 850 zilikuwa hizo.

Ugonjwa huu una jina kwa wahandisi, bufferbloat, na umetafutiwa tiba hasa. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa utaratibu wa CoDel mwaka 2012, na fq_codel iliyotokana nao ina waraka rasmi wa kiufundi wa mwaka 2018. Inachofanya ni kuwapa wote zamu za haki na kuuzuia mstari usirefuke. Ruta zenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, zinayo chini ya jina SQM.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi. Anza ping ya 1.1.1.1, halafu mwambie mmoja apandishe video kubwa. Namba zikiruka kutoka makumi hadi mamia na kushuka anapoacha, umempata mgonjwa.

*Gharama na muda.* Bure kama ruta yako ina ukurasa wa QoS au Bandwidth Control, na ruta nyingi za bei ndogo zinao. Kazi ni saa moja ya kupima na kurekebisha. Pima kasi halisi alfajiri, kisha iambie ruta isiruhusu zaidi ya asilimia 90 hivi ya kipimo hicho, kupanda na kushuka. Unapoteza kidogo kwenye karatasi ili foleni ibaki mikononi mwako. Ruta ya zamani sana inaweza kuchoka na hesabu hizi kwenye kifurushi kikubwa. Ikitokea hivyo, zima.

Kuna namna isiyohitaji ruta kabisa: kuongea. Kijana aliweka simu yake ipandishe picha saa nane usiku, mwenye nyumba akapanga masasisho ya Windows kwa saa hizohizo. Ilichukua kikombe kimoja cha chai.

*Wenzako.* Hapa siasa ni nyingi. Anayeshika nenosiri la ruta anashika mamlaka, na anaweza kujipendelea bila kuonekana. Kwetu tuliafikiana viwango mbele ya wote na picha ya ukurasa wa mipangilio ikatumwa kwenye kundi la nyumba. Usiweke kikomo kigumu cha kila kifaa kwa siku zote. Kumfungia mtu megabiti 4 saa kumi alfajiri wakati wengine wamelala ni kutupa kasi mliyolipia.

*Inamfaa nani.* Nyumba ambayo malalamiko yanafuata saa, si vyumba, na alfajiri kila kitu ni chepesi.

5. Kuongeza kifurushi

*Inatibu nini.* Mahitaji yanapozidi bomba kwelikweli. Piga hesabu kabla ya kuchanga. Netflix, kwa mfano, wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa video ya HD ya 1080p na 15 kwa 4K. Vyumba vitatu vikitazama HD kwa pamoja ni 15. Kwenye kifurushi cha 20 kurasa zitapata zilizobaki na zitafunguka. Akitokea mmoja na televisheni ya 4K, mmezidi. Na usichanganye vipimo: megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5 tu za faili linaloshuka, kwa hiyo anayelalamika "nalipia ishirini napata mbili" anapata anacholipia.

Haitibu mawimbi. Ningelipa mara mbili, chumba changu cha uani kingebaki vilevile, kwa sababu kasi ilikuwa inafia ukutani kabla ya kunifikia. Wala haitibu eneo lililojaa: ukichomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta saa tatu usiku, wengine wote wakiwa wamezima, na bado ukapata pungufu sana ya unachopata alfajiri, msongamano uko kwa mtoa huduma.

*Gharama na muda.* Njia pekee kati ya hizi inayokudai kila mwezi. Kwa upande mwingine ni simu moja tu, hakuna ngazi wala koleo. Uliza pia kama kuna kiwango cha matumizi ambacho kikipitwa kasi inashushwa. Kama mnakigusa tarehe 20 za kila mwezi, hapo kifurushi kikubwa kinaweza kuwa jibu hasa.

*Wenzako.* Nani anaongeza? Dada muuguzi yuko zamu za usiku, anatumia kidogo, na akadai haki yake. Mkiongeza, pangeni upya michango.

*Inamfaa nani.* Nyumba iliyokwishapima kwa waya, ikaona bomba limejaa kwa video na kazi halali za watu, wala si kwa simu moja inayopandisha picha.

Kwa hali yako

Simu moja inagoma, nyingine zote ziko sawa: usiiguse ruta. Angalia tarehe, DNS ya faragha, VPN iliyosahaulika ikiwa imewashwa, halafu isahaulishe simu mtandao huo na kuuunganisha upya.

Namba zinajibu na majina hayapatikani, nyumba nzima: DNS, na uibadilishe kwenye ruta baada ya kuwaambia wenzako.

Chumba kimoja au viwili tu vinateseka saa zote: hamisha ruta, badili chaneli, tenganisha bendi. Yakigoma hayo na unakaa muda mrefu, vuta waya. Kama unakaribia kuhama, vumilia na kifaa cha kurudia mawimbi kilichowekwa katikati ya njia.

Wote mnateseka usiku na alfajiri mnapepea: gawa kasi, au anzeni na mazungumzo ya nani anapandisha nini saa ngapi. Mkishagawa na kipimo cha waya bado kinaonyesha bomba limejaa, hapo mwenye nyumba ana hoja, ongezeni kifurushi.

Ruta ni ya 4G na mnara uko mbali: anza kwa kuiweka dirishani upande wa mnara kabla ya kingine chochote, ndipo upime upya vile vipande vitatu.

Dalili mbili kwa pamoja, kama kwetu: tibu ya ndani ya nyumba kwanza, maana bila hivyo vipimo vya nje vinakudanganya. Sisi tuliishia na ruta juu ya kabati, waya wa mita 18 hadi uani na mpaka wa asilimia 90. Mchango haujapanda. Mwenye nyumba bado anasema kifurushi ni kidogo, na mwezi ujao mwanawe anarudi na televisheni ya 4K, kwa hiyo tutapima tena.